Kabla ya kuchagua kazi ya mikono Lubumbashi, uliza fundi anapima nini

Kila mwaka matokeo ya Exetat (mtihani wa kumaliza sekondari) yanapotoka, mazungumzo ya nyumbani kwenye komini za Katuba, Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi huwa yale yale: mtoto aende Unilu (chuo kikuu cha hapa) au ajifunze kazi ya mikono? Na wale wanaotaka kazi ya mikono mara nyingi huishia kwenye jina tu. "Ajifunze umeme." "Ajifunze kuchomelea." Jina halisemi kitu. Anayechomelea milango na madirisha ya Kampemba na anayechomelea bomba la asidi kwenye kiwanda cha shaba wote huitwa mafundi, lakini hawasomi karatasi moja, hawatumii vifaa vya aina moja, wala hawalipwi kwa njia moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kazi ipi inalipa, nenda kwa fundi wa kazi unayoifikiria umuulize maswali matatu: unapima nini, kwa kifaa gani, na ukikosea kipimo ni nini kinaharibika? Akikujibu kwamba yeye anatumia jicho, mshukuru uondoke. Atakufundisha kubeba vyuma. Mji huu una mikono mingi yenye nguvu. Wapimaji ni wachache, na hao ndio wateja wanaowapigia simu mara ya pili.

Nitakaa zaidi kwenye umeme na uchomeleaji, kwa sababu ndizo kazi ambazo Lubumbashi inazihitaji kila siku na ndizo zinazoharibiwa zaidi.

Umeme wa majumbani

Umeme wetu unatoka mbali. Kuna laini ya umeme wa mkondo mnyoofu kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, iliyoanza kazi mwaka 1982, na kuna mitambo ya maji ya Katanga yenyewe: Nzilo, Nseke, Mwadingusha, Koni. Migodi ni mteja mkubwa, nyumba zinapata kilichobaki, na delestaji (kukatiwa umeme kwa zamu) ndiyo ratiba ya maisha. Maana yake kwa fundi ni hii: anashughulika na umeme unaokatika bila taarifa, unaorudi bila taarifa, ulio chini ya kiwango jioni, na mara nyingine ulio juu mno.

Kwenye karatasi, kati ya fazi na nyutro kuna volti 220 hadi 230, na kati ya fazi mbili 380 hadi 400. Chukulia nyumba yenye fazi tatu ambamo televisheni na friji vimeungua usiku mmoja. Fundi wa jicho atabadilisha plagi, aweke kilinda volti kipya, apokee pesa yake. Fundi wa multimeta atapima kila fazi na nyutro. Akikuta 140, 270 na 310, anajua papo hapo kwamba nyutro imekatika mahali fulani kabla ya mita au kwenye kibano chake. Nyutro ikikatika, fazi yenye mzigo mkubwa hushuka na ile yenye mzigo mdogo hupanda, na kifaa kilichokuwa kwenye fazi iliyopanda ndicho kinachoungua. Hapo hatua ya kwanza ni kuzima swichi kuu, ya pili ni kukaza vibano vya upande wa mteja, na kama tatizo liko kabla ya mita, ni kazi ya SNEL (shirika la umeme), si yako. Usipande nguzo. Hata ukijua kupanda.

Kosa la pili la kila siku ni waya. Kanuni za kawaida ni rahisi: milimita za mraba 1.5 kwa taa, na dijonkteri (swichi inayojikata yenyewe) ya ampea 10 au isiyozidi 16; 2.5 kwa plagi, na dijonkteri ya 16 au isiyozidi 20; 6 kwa jiko la umeme, na ya 32. Bluu ni nyutro, kijani na njano ni waya wa ardhi ambao wengi wetu tunauita tere, rangi nyingine ni fazi. Kila mwanafunzi anazikariri. Asichofundishwa ni kwamba waya ulioandikwa 2.5 kwenye kenkayeri (duka la vifaa) unaweza usiwe 2.5, na unaweza usiwe shaba. Kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu. Ukikunjwa mara chache unakatika, kwenye kibano unalegea, unapata joto, na plagi inayeyuka.

Namna ya kuukamata, kabla ya kulipa:

Kwaruza ncha kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani; ukiona weupe, rudisha. Pima unene wa waya wa uzi mmoja kwa kalipa: wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.78, wa 1.5 una 1.38. Ukipata 1.5 kwenye waya ulioandikwa 2.5, umeuziwa 1.8 kwa bei ya 2.5. Kisha nyanyua roli. Mita 100 za shaba ya 2.5 zina kilo 2.2 za shaba peke yake, bado hujahesabu ganda. Roli nyepesi kama mkate inajisema yenyewe. Mwisho, kama muuzaji anakubali, pima ukinzani wa roli nzima: mita 100 za 2.5 zisizidi omu 0.74 hivi. Multimeta ya bei ndogo hukosea kwenye omu ndogo, basi kwanza gusanisha ncha zake mbili, soma namba, kisha itoe kwenye kipimo chako.

Sasa urefu. Nyumba zetu nyingi zina aneksi nyuma ya parseli, na umeme unavutwa hadi huko kwa waya uliobaki. Volti zinazopotea njiani unazihesabu hivi: 2 × 0.0225 × urefu kwa mita × ampea ÷ unene wa waya. Mita 40, ampea 15, waya wa 2.5: zinapotea volti 10.8. Kwa waya wa 1.5 zinapotea 18. Kwa waya wa 6 zinapotea 4.5. Kama umeme unafika mitani ukiwa 190 jioni, hizo 18 ndizo zinazoamua kama kompresa ya friza itaanza au itaguna mpaka iungue. Hesabu hii inachukua dakika moja na inaokoa friza ya mama mwenye nyumba, lakini lazima uifanye kabla ya kununua waya, kwa sababu ukishazika bomba ukutani hakuna atakayekubali ulivunje.

Tere ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, labda kwa sababu haionekani na ndiyo maana inaibiwa. Piketi (fimbo ya chuma) moja ya mita 1.5 au 2 inapigwa ardhini wakati wa mvua, udongo umelowa, kipimo kinatoka kizuri, kazi inapokelewa. Ukirudi Septemba, udongo mwekundu umekauka kama tofali na ukinzani umepanda mara kadhaa. Kwa hiyo pima mwishoni mwa kiangazi, au ukipima Februari, jiachie nafasi kubwa. Kwa diferansyeli (swichi inayojikata umeme ukivuja) ya miliampea 500 lengo ni omu 100 au chini yake, kwa sababu volti 50 ÷ ampea 0.5 ni 100. Diferansyeli ya miliampea 30 inavumilia ukinzani mkubwa zaidi, na kwenye bafu na jikoni ni hiyo tu, hakuna mjadala.

Kipimo hakisomwi kwa multimeta. Kinataka kifaa cha tere chenye piketi mbili za msaada: ya mbali kwenye mita 30, ya kati kwenye mita 18.6, zote kwenye mstari mmoja. Omu zikiwa nyingi, ongeza piketi ya pili kwa umbali usiopungua urefu wa piketi yenyewe. Ukiweza, mara mbili ya urefu huo. Chumvi ambayo mafundi wengi humwaga shimoni husaidia kwa muda tu: mvua za Desemba zinaiosha na kilichobaki kinakula shaba.

Jambo moja la usalama ambalo ni la kwetu hasa. Delestaji si ruhusa ya kushika waya. Umeme unarudi bila kubisha hodi, na hata usiporudi, jenereta ya jirani iliyounganishwa ovyo inaweza kuleta volti 230 kwenye waya unaoamini umekufa. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, weka funguo mfukoni. Jaribu tesita kwenye umeme unaojua upo, kisha kwenye waya wa kazi, kisha tena pale pa kwanza, maana tesita nayo inaweza kufa katikati. Na kila nyumba yenye jenereta iwe na inverseri, swichi ya kuchagua SNEL au jenereta, isiyoweza kabisa kuweka vyote viwili pamoja. Mteja akikataa kuilipia, usiunge jenereta yake.

Paneli za jua, mtoto wa delestaji

Fundi umeme wa leo asiyejua jua anapoteza nusu ya wateja. Lakini wengi wanajifunza kwa video za Ulaya, na ndiyo maana mjini kuna paneli zinazotazama kusini. Lubumbashi iko nyuzi 11 na kitu kusini mwa ikweta. Paneli zitazame kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15, ili Juni na Julai zisikose jua na mvua izioshe vumbi.

Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 200 ina Wh 2,400 kwenye lebo, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku itakufa mapema. Basi hesabu Wh 1,200. Televisheni ya wati 80 na taa tano za wati 9 ni wati 125. Ukitoa hasara ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani), unapata saa nane na nusu hivi. Mweleze mteja hivyo, kwa saa, kabla hajanunua. Betri za lithiamu-chuma-fosfeti zinakubali kushushwa hadi asilimia 80 au zaidi, na hapo bei yake kubwa inaanza kueleweka.

Waya wa betri ndio unaoaibisha watu. Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 95. Kwa waya wa 6, mita 1.5 tu za kwenda na 1.5 za kurudi zinapoteza zaidi ya volti moja. Inveta inalia na kuzima ingawa betri imejaa, na mteja anaambiwa betri ni mbovu. Tumia 25 au 35, fupi iwezekanavyo, na fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Kuna na mtego wa baridi. Volti za paneli hupanda hewa inapopoa, karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Paneli mbili zenye volti 49.5 kila moja bila mzigo, zikiunganishwa kwa mfululizo, ni 99, na regulata (kidhibiti cha kuchaji betri) imeandikwa mwisho 100. Kwenye duka inaonekana sawa. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 8, zile 99 zinakuwa 104, na regulata inakufa jua linapochomoza. Muuzaji atasema ni radi. Julai hakuna radi Lubumbashi.

Kuchomelea

Kwa anayeanza, hii ndiyo kazi inayoonekana rahisi kuliko zote: mashine, bageti (fimbo za kuchomelea), miwani, na barabara yoyote ya Katuba ina mtu wa kumwangalia. Hapo hapo ndipo ugumu ulipo. Usimwige mtu anayefunga macho badala ya kuvaa kioo. Macho hayaumi wakati wa kazi. Yanaanza usiku, saa kadhaa baadaye, kama yamejazwa mchanga. Kioo namba 10 au 11 kwa kazi ya kawaida, pamoja na shati la pamba lenye mikono mirefu. Nailoni huyeyukia kwenye ngozi. Bati na mabomba yaliyopakwa zinki yasagwe zinki kwanza mahali pa kuchomea, tena nje penye hewa. Moshi wake mweupe unaleta homa ya jioni ambayo watu huidhania malaria.

Vipimo vya kuanzia: bageti ya E6013 ya milimita 2.5 inataka ampea 60 hadi 90, ya 3.2 inataka 90 hadi 130. Mabomba ya mraba ya madirisha yenye ukuta wa milimita 1.5 yanatobolewa na karibu kila anayeanza. Shusha ampea hadi 55 au 60, tumia bageti ya 2.0 ukiipata, songa haraka, chomea kwa vipande vifupi. Ampea zikiwa ndogo mno, bageti inaganda na mshono unakaa juu ya chuma kama nta, bila kuingia. Zikiwa nyingi mno, unaona chembe zinaruka kila upande na pembeni mwa mshono kuna mfereji. Mshono mwembamba wenye mfereji pembeni ndio unaokatika geti likigongwa na gari.

Kabla ya kulaumu mashine, pima volti zinazoifikia. Inveta ya kuchomelea ikitoa ampea 120 hivi inaweza kuvuta ampea 25 kwenye plagi. Kwa mkebe wa waya wa mita 50 wenye unene wa 2.5, zinapotea volti 22 na nusu njiani. SNEL ikiwa imeshuka hadi 190, mashine inabaki na 167, nayo inazima au inatoa moto dhaifu. Ukiona fundi anapandisha ampea kila dakika tano, anafukuza volti zinazopotea kwenye waya.

Geti la mita 3 kwa 2: weka fremu sakafuni iliyo sawa, pima kona kwa kona. Pande zote mbili zinapaswa kusoma mita 3 na milimita 606. Zikitofautiana, gonga kona ndefu mpaka zilingane, ndipo uweke nukta za kuchomelea kwenye kona zote nne, upime tena, kisha uchomee kwa kupishana: kona moja, halafu ile inayotazamana nayo. Anayemaliza kona moja kabisa kabla ya kugusa nyingine analeta geti lililojipinda, kwa sababu mshono unavuta chuma unapopoa. Halafu saga, osha mafuta, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Gamba jeusi la bageti likibaki chini ya rangi, litang'oka nalo mvua za kwanza.

Kuhusu mashine ya kukata na kusaga: jiwe la milimita 230 halifungwi kwenye mashine ya 125 iliyotolewa kinga. Mashine ndogo inazunguka mara elfu kumi na moja hivi kwa dakika, jiwe kubwa halikutengenezwa kwa mwendo huo, na likipasuka haliombi msamaha. Soma pete ya chuma katikati ya jiwe: mara nyingi ina tarehe ya mwisho. Jiwe la kukata halisagi, la kusagia halikati.

Migodini ni nchi nyingine. Huko wanataka mshono wa kwanza kwa TIG (kuchomelea kwa gesi ya argoni), bageti za E7018 zilizokaushwa kwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili kabla ya kutumika (unyevu ndani yake unaleta nyufa), na jaribio la 6G: bomba limefungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45, haligeuzwi, wewe ndiye unayelizunguka. Kipande chako kinapigwa picha ya eksirei au kinakunjwa, na picha haijali umesoma wapi. Cheti chenyewe kinahitaji kuthibitishwa kila miezi 6 kwamba bado unachomea kazi za aina hiyo. Ukikaa mwaka bila kazi, unarudi kwenye mtihani. Kwenye chuma kisichoshika kutu lazima ndani ya bomba kuwe na argoni wakati unachomea nje, la sivyo upande wa ndani unatoka mweusi na wenye vinundu, na asidi inaanza kula chuma hapo.

Na kama mtu angeniuliza kazi ambayo vijana hawaifikirii, ningesema mabomba ya plastiki ya HDPE. Viwanda vya shaba na kobalti huyatumia kwa matope na kwa maji ya asidi. Yanaunganishwa kwa sahani ya joto la nyuzi 200 hadi 230: ncha zinanyolewa zilingane, zinapashwa, sahani inatolewa haraka, zinashinikizwa, zinaachwa zipoe bila kuguswa. Joto, shinikizo na muda, basi. Anayeandika namba hizo tatu kwa kila kiungo na kuweza kuzionyesha mwezi mmoja baadaye ana thamani kuliko mwenye misuli.

Nyingine, kwa haraka

Kufunga upya mota: kazi ya subira, ya kuhesabu mizunguko na kupima kipenyo cha waya kabla ya kung'oa chochote. Mji wenye volti mbovu hautakunyima mota. Jifunze kusoma ilivyoungua: mota iliyoungwa kwa nyota ikipoteza fazi moja huunguza makundi mawili ya waya kati ya matatu, iliyoungwa kwa pembetatu huunguza moja. Ukiirudisha bila kumwambia mteja kwamba fazi moja inakatika kwake, itarudi wiki ijayo, naye atasema ni wewe.

Mabomba ya maji: mteremko wa sentimita 1 hadi 3 kwa kila mita kwenye maji machafu, PVC ya 100 kwa choo. Tanki kwenye mnara wa mita 3 linatoa baa 0.3 tu, kwa hiyo kabla ya kuuza hita ya maji ya bafuni, soma imeandikwa inataka baa ngapi.

Friji na viyoyozi: gesi ya R600a inawaka, na friji inataka gramu chache tu, kwa hiyo mizani ni lazima, na usiweke R134a mahali pake. Bila pampu ya kutoa hewa, unyevu unaobaki unaganda kwenye kapilari na friji inapoa leo, inagoma kesho.

Magari: kazi ipo, lakini kila gereji imejaa, na gari za sasa zinataka kompyuta ya kusoma makosa. Ukiipenda, ingia kwa upande wa umeme wa magari.

Pa kujifunzia, na nini cha kukubaliana

Njia ni tatu. Shule ya ufundi ya miaka minne hadi Diploma ya Serikali. Kwa Wasalesiani Lubumbashi kuna Salama. Mafunzo ya ufundi kama ya Cité des Jeunes, nayo ya Wasalesiani, na INPP, taasisi ya serikali iliyoundwa mwaka 1964, kwa anayetaka kozi fupi au kuboresha alichonacho. Na ateliye (karakana) ya mtaani. Shuleni utapata michoro na nadharia. Ateliye itakupa mwendo na wateja. Ukipata moja tu, ni nusu ya fundi, na nusu ipi haijalishi.

Shuleni, usitazame majengo. Tembelea ateliye yao siku ya kazi. Je, wanafunzi wangapi kwa mashine moja ya kuchomelea? Bageti na vyuma vya mazoezi vinatolewa au unanunua? Kuna kifaa cha kupima tere, au kiko kwenye picha ubaoni? Kama wanafunzi thelathini wanaangalia mmoja akichomea, umelipia sinema.

Kwa papa mwenye ateliye, andikeni. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inatambua mkataba wa kujifunza kazi, na hata karatasi ya ukurasa mmoja ni bora kuliko ahadi. Iseme: muda ni miezi mingapi, utashika mashine lini, nauli na chakula ni vya nani, ukiumia nani anapeleka hospitali, na utaanza kulipwa lini na kwa hesabu gani. Mwanafunzi ambaye baada ya miezi sita bado anafagia na kununua vocha, alikosa kuandika mstari wa pili.

Vifaa usinunue vyote siku moja. Kwa umeme: multimeta nzuri na tesita kwanza, kisha bisibisi na koleo zenye mpini wa kuhami volti 1,000, kalipa, ndipo drili. Kwa kuchomelea: kioo, glavu za ngozi na kinga ya uso kabla ya mashine, skwea, futi na vibano kabla ya mashine, mashine mwishoni, kwa sababu ya ateliye unaweza kuitumia lakini macho ya ateliye hayatumiki.

Na jifunze kuandika devi (makadirio ya bei ya kazi), maana hapo mafundi wazuri wanafilisika. Igawe: vifaa kwa idadi na aina kamili ("waya wa 2.5 wa shaba, mita 200", si "waya"), mkono wa kazi peke yake, usafiri wa vifaa, na asilimia 10 ya yasiyotarajiwa. Andika bei kwa dola au kwa faranga, na kama ni faranga, iko halali hadi tarehe gani. Andika pia kisichokuwemo: kutindua ukuta, kupaka rangi, ruhusa ya SNEL. Avansi itoshe vifaa vyote vya hatua ya kwanza. Ukianza kununua waya kwa pesa ya mfukoni, umekuwa benki ya mteja. Kenkayeri ikikupa kamisheni kwa kuleta mteja, mwambie mteja au ikatae, kwa sababu siku atakapojua mwenyewe, hata ile devi iliyokuwa ya haki ataiona ya wizi. Ukimaliza, mpe karatasi ya vipimo: volti za kila fazi, omu za tere na tarehe, uhami kati ya fazi na tere kwa volti 500 usiopungua megaomu 1, na diferansyeli imejikata kwa kitufe chake. Ibandike nakala ndani ya mlango wa kisanduku cha umeme, pamoja na namba yako ya simu.